Charleston: Nyambizi Imefufuliwa, Meli ya Robert Smalls Bado Iko Mchangani

Wapenzi wasomaji, najua nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Si uvivu jamani! Nilikuwa safarini Marekani, katika jimbo la South Carolina, na kuna kitu nilikiona huko ambacho mpaka leo hakijanitoka kichwani. Ngoja niwasimulie, halafu mtaniambia kama nimekosea.

Kitu chenyewe ni nyambizi. Usifikirie hizi za leo za nyuklia. Hii iliundwa mwaka 1863, ilikuwa inaendeshwa kwa nguvu za mikono ya watu, na ilizama mwaka 1864 ikiwa na watu wanane ndani. Inaitwa H. L. Hunley. Ilikaa chini ya bahari zaidi ya miaka 130, na sasa inatengenezwa katika kituo cha Warren Lasch, mjini North Charleston, ndani ya eneo lililokuwa kambi ya jeshi la majini la Marekani. Katikati ya wiki wanasayansi wanaendelea na kazi yao. Wikendi milango inafunguliwa kwa watu kama mimi, wenye tiketi na udadisi.

Mwenyeji wangu huko ni dada mmoja wa Kitanzania ambaye ameishi Marekani miaka mingi. Jumamosi asubuhi akanipakia kwenye gari lake tukaenda.

Unapanda jukwaa, unachungulia chini kwenye tangi kubwa, na hapo ndipo unaiona. Nyeusi, nyembamba, kama samaki aliyelala. Urefu wake ni kama mita 12, yaani haifiki hata Kosta mbili zilizoegeshwa pua kwa mkia. Kimo cha mwili wake ni kama mita 1.2. Mtu mzima hawezi kusimama ndani. Watu saba walikaa mstari mmoja wakizungusha kwa mikono chuma kirefu kilichokuwa kinaendesha pangaboi la nyuma. Wa nane alikuwa nahodha, ndiye aliyeshika usukani. Hakuna injini, hakuna umeme, na hewa ni ile ile mliyoingia nayo.

Sasa sikilizeni historia yake, maana inatisha. Agosti 1863, ikiwa ndiyo kwanza imeletwa Charleston kwa treni kutoka Mobile, Alabama, ilizama bandarini na kuua watu watano. Ikaopolewa. Oktoba mwaka huo huo ikazama tena katika mazoezi, wakafa wote wanane waliokuwa ndani, akiwemo Horace Hunley mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wake ambaye jina lake ndilo ilipewa. Ikaopolewa tena, maiti zikatolewa, ikasafishwa, na wakapatikana watu wengine wa kujitolea kuingia! Hivi wewe ungeingia?

Usiku wa tarehe 17 Februari 1864 ikatoka chini ya Luteni George Dixon. Mbele yake ilibeba boriti ndefu yenye mzinga wa baruti wa kilo kama 61. Ikaisogelea manowari ya Housatonic iliyokuwa nje ya bandari, mzinga ukalipuka, na manowari ikazama katika muda wa dakika chache. Mabaharia watano wa Housatonic walikufa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya dunia kwa nyambizi kuzamisha manowari vitani. Lakini Hunley yenyewe haikurudi.

Ilipatikana mwaka 1995 na kikosi kilichofadhiliwa na mwandishi wa riwaya Clive Cussler, ikiwa imefukiwa na mchanga na tope. Tarehe 8 Agosti 2000 ikainuliwa. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Mimi nilidhani kutengeneza chuma cha zamani ni kusugua kutu na kupaka rangi. Kumbe wapi! Chuma kilichokaa baharini muda mrefu kinanyonya chumvi mpaka ndani kabisa. Ukikitoa ukakianika juani, hiyo chumvi inakitafuna kutokea ndani, kinapasuka na kubomoka mbele ya macho yako. Kwa hiyo waliiweka kwanza kwenye maji baridi, na tangu mwaka 2014 wamekuwa wakiiloweka kwenye maji yenye dawa, magadi makali yanayoivuta chumvi kidogo kidogo. Kila mara wanayaondoa yale maji ili mafundi waingie na vifaa vidogo vya mkononi kubandua gamba la mchanga, kombe na kutu. Miaka zaidi ya ishirini wanafanya hivyo. Nilivua kofia. Huo ni uvumilivu ambao sijauona sehemu nyingi.

Halafu kuna wale watu wanane. Walipoifungua walikuta mifupa ya kila mmoja mahali pake pa kazi. Hawakuwa wamerundikana mlangoni kama watu wanaogombea kutoka. Walikufaje? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walisema ni mshtuko wa mlipuko wao wenyewe uliopita kwenye chuma na kuwaua palepale walipokaa. Wengine wanapinga, na mjadala haujaisha. Na karibu na mifupa ya Dixon ilikutwa sarafu ya dhahabu ya dola 20 iliyopinda. Miaka miwili kabla, kwenye vita vya Shiloh, risasi ilimpiga pajani ikaikuta sarafu hiyo mfukoni. Akaichonga maneno ya kuishukuru kwa kumwokoa, akawa anatembea nayo mpaka ikafa naye majini.

Nakiri mbele yenu: machozi yalinilengalenga. Nikawawaza vijana wale gizani, baridi ya Februari, jasho na pumzi vikiwaishia. Nikawaza mama zao.

Tukiwa kwenye gari kurudi, mwenyeji wangu akaniuliza:

"Kaka, mbona umepooza?"

"Nawawaza wale vijana, dada."

"Hawa uliokuwa unataka kuwalilia, unajua walikuwa wanapigania nini?"

Nikanyamaza. Mimi, mwandishi wa habari, niliyeuliza pale maswali kumi na tano kuhusu chumvi, baruti na pangaboi! Hilo moja sikuliuliza. Na katika wageni waliokuwa wamesimama karibu nami, sikumsikia hata mmoja aliyeliuliza.

Jibu halijafichwa. Hunley ilikuwa silaha ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga. South Carolina ndilo lililotangulia kujitenga, Desemba 1860, na waliandika wenyewe sababu zao kwenye tamko rasmi: utumwa. Hesabu ya watu ya mwaka ule inaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo hilo, zaidi ya watu 400,000, walikuwa watumwa. Housatonic haikuwa pale kwa matembezi. Ilikuwa miongoni mwa manowari za serikali ya Lincoln zilizoizingira bandari ili pamba iliyolimwa na watumwa isitoke na silaha zisiingie. Hunley ilitumwa kuvunja mzingiro huo. Nahodha angefanikiwa zaidi, na nyambizi kama yake zingekuwa kumi, babu zao kina nani wangebaki kwenye minyororo muda mrefu zaidi?

Sasa nipeni nafasi niwaletee meli ya pili, kutoka bandari ile ile.

Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, mtumwa mmoja wa miaka 23 aitwaye Robert Smalls alikuwa ndani ya meli ya mvuke ya jeshi la Kusini, Planter. Yeye ndiye aliyekuwa akiiongoza majini, ingawa kwa kuwa ni mtumwa hawakutaka kumwita rubani. Nahodha na maofisa wenzake Wazungu walikwenda kulala mjini. Smalls akavaa kofia ya nahodha, akawasha mvuke pamoja na wenzake, akawapitia mkewe, watoto na wengine, jumla wakawa watu 16. Akapita mbele ya mizinga ya ngome, mpaka Fort Sumter, akipiga honi za ishara sawasawa kama nahodha anavyopiga. Walinzi wakampungia. Alipokuwa nje ya masafa ya mizinga, akapandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa manowari za mzingiro. Asubuhi ile watu 16 walikuwa huru. Baadaye Smalls akawa mbunge katika Bunge la Marekani.

Hebu tulia hapo kidogo. Mzingiro ni ule ule. Kwa Smalls, ulikuwa mlango wa uhuru. Kwa Hunley, ulikuwa adui wa kuzamishwa. Bahari moja, na hazijapita hata miaka miwili kati ya safari hizi mbili.

Planter iko wapi leo? Ilikwama na kuvunjika mwaka 1876 karibu na Cape Romain, pwani hiyo hiyo ya South Carolina. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari, NOAA, ilitangaza kwamba imepata mahali ambapo huenda ndipo ilipolala. Iko chini ya mchanga. Haina tangi, haina jukwaa la kuchungulia, wala mtu wa kuitoa chumvi kwa miaka ishirini.

Najua kuna watakaonirukia. Watasema Planter ilikuwa ya mbao, haikuwa kitu kimoja kizima kama Hunley, na kuifukua ni kazi nyingine kabisa. Kweli. Watasema wale wanane hawakuwa matajiri wenye mashamba, na uchunguzi wa mifupa umeonyesha kwamba nusu yao walizaliwa Ulaya. Hilo nalo ni kweli. Na sikatai kwamba walikuwa mashujaa. Kuingia kwenye chuma kilichokwisha kuua watu 13 kunahitaji moyo. Lakini ushujaa ni kitu kimoja na unachokipigania ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa jasiri sana katika jambo baya sana. Tukikubali kusimuliwa ujasiri peke yake, tunafanywa wajinga huku tukilia machozi.

Na haya si mambo ya kale tu. Mwaka 2004 wale wanane walizikwa Charleston kwa maandamano ya maelfu ya watu, wengi wakiwa na sare na bendera za Kusini, kana kwamba vita viliisha jana yake. Juni 2015, katika mji huo huo, kijana Mzungu aliyekuwa anajipiga picha na bendera hiyo aliingia katika kanisa la Waamerika Weusi, Emanuel AME, akaua waumini tisa waliokuwa kwenye somo la Biblia. Mwezi uliofuata ndipo bendera ile iliposhushwa katika viwanja vya bunge la jimbo. Historia iliyosimuliwa nusu ni kama chuma kilichoanikwa na chumvi yake. Inaonekana nzima, kumbe inaliwa kutokea ndani.

Je, nasema nyambizi irudishwe baharini? Hapana! Imalizwe, itunzwe, watu waione. Chuma hakina kosa. Ninachosema ni kwamba anayekwenda kuiangalia aende na maswali mawili. La kwanza: walikufaje? La pili: walipigania nini? Na akimaliza, aende mjini kwenye gati la Gadsden, walikoteremshwa maelfu na maelfu ya Waafrika waliotekwa. Tangu mwaka 2023 pana jumba la makumbusho la historia ya Waamerika Weusi. Sisi tulikwenda kesho yake. Ukiona sehemu moja bila nyingine, hujaiona Charleston.

Kabla hatujawanyooshea kidole Wamarekani, tujitazame na sisi. Tunayo meli ya vita iliyozama ikafufuliwa: MV Liemba, pale Kigoma. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Sisi huisimulia kwa mbwembwe, Mjerumani alifanya hivi, Mwingereza akajibu vile. Lakini vita vile viliua maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Ni mara ngapi umewasikia wakitajwa meli hiyo inaposimuliwa? Mimi mwenyewe nimewahi kuandika kuhusu Liemba. Nimerudi nikaisoma makala yangu upya. Wapagazi hawamo hata kwa sentensi moja.

Nitaiandika upya. Wewe msomaji uliye Kigoma, au mwenye babu aliyesimulia habari za vita vile, niandikie. Najua nimechelewa, lakini swali la pili nimeanza kuliuliza.

Alamsiki.