Salamu ya Herufi Tatu

Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, mpakani mwa Kenya na Somalia. Nilipokuwa huko kijana mmoja alinionyesha simu yake, nikaona pameandikwa ASC. Nikadhani ni jina la kampuni. Akacheka. "Ni salamu hiyo, mzee wangu."

Kumbe ni Asalaamu Calaykum, na jibu lake ni WCS. Hiyo C ndiyo ain. Ndivyo ilivyowekwa katika hati ya Kisomali iliyotangazwa Mogadishu mwaka 1972.

Kwanza nilighadhibika. Kisha nikajiuliza: ni lipi hasa linaloniudhi? Ni maneno ya kigeni? La. Wasomali tambi wanaziita baasto na uma wanauita fargeeto (ingawa wengi hula kwa mkono), na yote mawili ni ya Kitaliani. Mwaka 1925 Waingereza waliwaachia Wataliani Jubaland, watu wa lugha moja wakajikuta chini ya wakoloni wawili. Baasto haikumdhuru mtu. Nasi wa pwani tunapopiga simu, nani akumbukaye kuwa neno hilo asili yake ni Kiajemi? Hata Wachina, vijana wao husema ku kwa jambo la kupendeza, na mashabiki wanawaita fensi, neno ambalo kwao ni jina la tambi pia! Yote mawili wameyatoa katika Kiingereza. Na atakaye kuunda lake na aunde: satelaiti Wasomali wameiita dayax-gacmeed, yaani mwezi uliofanywa kwa mkono. Nakiri tarakilishi yetu haifikii uzuri huo.

Linaloniudhi ni kule kukata. Neno la kuazima huongeza, hili limepunguza. Salamu ni dua: anisalimuye ameniombea amani. Aliyebonyeza herufi tatu ameniombea nini? Aya ya 86 ya Suratun-Nisaa yatuamrisha tukiamkiwa tuitikie kwa iliyo bora zaidi, au mfano wake. WCS ni mfano wake kweli, na hapo ndipo penye msiba. Wala sisi wa Mombasa na Lamu tusiwacheke; tu wangapi tuandikao "slm" kisha tukaingia moja kwa moja katika kukopa pesa?

Nilipoondoka nilimwandikia yule kijana salamu nzima, hadi wabarakatuh. Pakapita kimya kirefu. Kisha akajibu, nzima vilevile, kwa C yake.