Gofu si Mchezo wa Kuigiza

Wapo walimu wenzangu washikiliao kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na kwamba mtoto wa Githurai 45 anayeuzungumzia anapoteza wakati wake. Siafikiani nao hata kidogo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne hupanda matatu kila Jumamosi hadi uwanja wa gofu ulioko Ruiru, akabeba mikoba ya wachezaji. Jumatatu moja alinijia amenuna. Kila alipojaribu fimbo ya kuazima, mpira ulipinda kulia. Mtu mmoja aliyejitia kumfunza alimwamuru ainue fimbo vile vile ainuavyo bingwa fulani wa runingani. Kijana aliinua hadi bega likamuuma, na sasa alitaka kuacha.

Kosa halikuwa lake. Mwaka 1957, Mmarekani Ben Hogan alieleza kitabuni kwamba mchezaji afikirie kioo kipana kilichoinama, kinachoanzia kwenye mpira na kuegemea mabega yake, kichwa kikitokeza katika tundu. Fimbo irudishwapo nyuma, isikivunje kioo hicho. Nasi walimu wa hisabati kioo hicho tunakijua: ni bapa. Tunakichora ubaoni kila mwaka, wanafunzi wakisinzia.

Basi tuliomba kartoni kubwa ya friji kwa mfanyabiashara wa sokoni, tukaitoboa tundu, tukamvika kijana. Darasa zima liliangua kicheko. Hata mimi sikujizuia. Lakini walipima. Mabega yakiwa sentimita 140 kutoka chini na mpira sentimita 80 mbele yake, tanjenti ni 1.75, na kartoni inainama kwa takriban digrii 60. Alipobadilisha mpini mfupi wa ufagio akachukua mrefu, mpira ulisogea hadi sentimita 100, na pembe ikashuka hadi digrii 54 na ushei. Akaja mwenzake mrefu, mpira ukiwa pale pale, kartoni ikasimama wima zaidi.

Jibu likawa wazi. Bapa la bingwa yule limetokana na kimo chake na urefu wa fimbo yake. Anayemlazimisha kijana mfupi kuliazima anamvisha koti la mtu mwingine.

Hata hivyo, nisije nikaigeuza kartoni kuwa sheria. Jim Furyk huinua fimbo wima mno anapoirudisha nyuma, hata watazamaji hushangaa, kisha huishusha mahali panapofaa. Alitwaa taji la US Open mwaka 2003. Kinachoupiga mpira ni mshuko. Kwa atumiaye mkono wa kulia, fimbo ikishuka kutoka nje kuja ndani huku uso wake ukiwa wazi, mpira utapinda kulia, hata kama iliporudishwa nyuma ilipendeza namna gani. Uzuri wa bapa ni kwamba humrahisishia mchezaji kazi ya kuirejesha fimbo njiani.

Wenzangu waniulize sasa: je, haya yote yamo katika mtihani? Jiometria ya pande tatu imo. Na kijana aliyekuwa akifeli somo hilo ndiye sasa anayewaeleza wenzake pembe baina ya mstari na bapa, akitumia ufagio.

Mpira wake bado hupinda mara kwa mara. Ila siku hizi haulizi bingwa hufanyaje. Huuliza kartoni ingalikuwa wapi.