KWARESMA NA MAMA MJAMZITO (Sehemu ya 3): Nani kakutuma ufunge?

Mama mwenzangu, leo sizunguki. Nimetoka zamu ya usiku na hasira bado ninazo.

Juzi tulimpokea dada mwenye mimba ya miezi saba. Kaletwa na bajaji, anatetemeka, jasho linamtoka, ukimuuliza jina anakujibu kingine. Tukapima sukari: 2.6. Tukamtundikia dripu ya glukosi haraka. Alipopata nguvu nikamuuliza mara ya mwisho kula ni lini. Jana jioni, uji. "Nimefunga, nesi. Wenzangu wote kwenye jumuiya wamefunga, mimi nitaonekanaje?"

Nitaonekanaje! Yaani mtoto tumboni anakosa sukari ili mama asisemwe.

Mimi ni Mkatoliki, majivu nimepakwa kama wewe. Sasa nionyeshe ni wapi Kanisa limekuambia ushinde na njaa siku 40. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na zinamhusu mwenye miaka 18 mpaka atakapotimiza 59. Hata siku hizo unakula mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo. Maji hujakatazwa. Na mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wamesamehewa tangu zamani. Muulize paroko wako, hatakushangaa.

Kwa nini nakomaa hivi? Mtoto anavuta chakula kwako saa 24, hata ukiwa umelala. Mwili wa mjamzito akiba yake inaisha upesi kuliko wa mtu mwingine, unaanza kuchoma mafuta, ndiyo maana tukipima mkojo wa aliyeshinda njaa tunakuta ketoni. Halafu vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki, ukimeza tumbo tupu unapata kichefuchefu, kesho unaviacha. Damu ikishuka, siku ya kujifungua ndiyo unajua.

Wewe unayenyonyesha, sikudanganyi kwamba maziwa yatakauka kwa siku moja. Hayakauki hivyo. Anayelipa ni wewe: kiu, kichwa kinagonga, kizunguzungu na mtoto yuko mgongoni na sufuria liko jikoni. Na mwenye kisukari au presha usianze mfungo wowote kabla hujaongea na daktari wako. Hapo sitanii.

Ila wanaoniudhi zaidi si wanaofunga. Ni wale wanaohesabu nani kafunga. Mama mtu mzima unamwambia mkweo "enzi zetu tulifunga na mimba zetu". Enzi zenu wangapi walizikwa, mama? Tunawakumbuka? Na baba wa nyumba, wewe umefunga, hongera, lakini mkeo ndiye aliyeamka saa kumi akachota maji, akafua, na jioni anakupikia wewe wa kwanza. Mfungo wako ungeanzia kwenye ile ndoo ya maji. Isaya sura ya 58 iko kwenye Biblia yako, isome leo usiku, inawahusu wafungaji kama wewe.

Haya, utaniuliza ufanye nini basi. Kula, halafu sali. Rozari inasalika ukiwa unanyonyesha saa nane usiku, mimi nimefanya hivyo kwa watoto wawili. Funga simu. Funga umbea wa kwenye magrupu, huo ni mgumu kuliko njaa, jaribu wiki moja tu. Wifi ambaye hamsalimiani tangu msiba ule, mpigie. Na ile hela ya soda iweke, maana pale wodi ya wazazi kila wiki kuna mama kajifungua hana khanga ya kumfunika mtoto, wala wa kumletea chai. Njoo na chupa ya uji. Mlinzi mwambie unakwenda kwa wazazi, saa ya kuona wagonjwa atakupitisha.

Sehemu ya 4 ni kuhusu watoto wa shule mnaowafungisha. Wenye maswali ya mimba niandikieni, nikiamka nitajibu.