Kikoa cha Ramani: Mlaji Naye Alipe



Kitabu chetu hiki kila mwaka hubeba khabari za harusi, za watoto waliozaliwa, za waliotangulia mbele ya haki na za vijana waliofaulu skuli. Mwaka huu naomba nafasi kidogo niseme jambo la kazi, kwani naona linawahusu jamaa wote, hata yule asiyeshika kompyuta maisha yake.

Kazi yangu ni ushauri wa data za kijiografia. Kwa lugha nyepesi, kila kilicho juu ya ardhi, ikiwa nyumba, bomba la maji, nguzo ya taa au mnazi, kina mahali pake, na mahali hapo pana tarakimu zake. Mimi huzikusanya tarakimu hizo, huzisafisha, huzipanga tabaka juu ya tabaka, kisha humwonyesha mwenye mradi mabomba yake yanapita wapi na maji ya mvua yatatuama wapi. Hapa Qatar faida ya kazi hii haitaki maelezo marefu. Nchi hii tangu miaka ya 1990 ina mfumo wa taifa zima wa ramani za kompyuta, na matunda yake tunayaona milangoni mwetu: kile kibao cha buluu chenye namba tatu, ya eneo, ya barabara na ya jengo. Sheria ya anuani za taifa ilitoka mwaka 2017, na Januari 2020 tukaanza kuandikisha anuani zetu serikalini. Gari ya wagonjwa ikiitwa usiku wa manane, namba tatu hizo zatosha.

Sasa nije kwenye maudhui. Programu ninayoitumia zaidi inaitwa QGIS. Aliyeianzisha ni Gary Sherman, mwaka 2002, kule Alaska, Marekani. Toleo lake la 1.0 lilitoka Januari 2009, na leo inatumika ulimwengu mzima, maofisini, vyuoni na mashambani. Haiuzwi. Maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu, na leseni yake inasema kwamba mwenye kuibadili na kuigawa kwa wengine, sharti na mabadiliko yake ayaache wazi vivyo hivyo.

Je, nani huitengeneza? Ni watumiaji wenyewe. Mmoja huandika sehemu mpya, wa pili hugundua kasoro na kuipelekea khabari, wa tatu hutafsiri kwa lugha yake, wa nne hutoa fedha, wa tano hukaa akajibu maswali ya wageni. Wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwani wana jina lake tangu zamani: ni kikoa. Leo wapika wewe, kesho napika mimi, na sote twala. Na kila aliyekula kikoa anajua aibu ya yule anayefika siku zote na sahani tupu, zamu yake ikifika akasafiri.

Nitoe mfano mmoja wa faida yake. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, hali simu zetu za leo zinatumia msingi mwengine uitwao WGS 84. Ukizichanganya bila ya kugeuza hesabu, kitu husogea kiasi cha mita 300. Mita 300 zatosha kulihamisha shamba la mtu likaangukia kwa jirani wa tatu, au kuitia nyumba ya pwani baharini. Programu hii inajua kugeuza hesabu hiyo kwa sababu watu waliokwisha kupata taabu hiyo waliyaandika waliyoyajua, wakayaacha pale kwa wanaokuja nyuma. Mimi ni katika hao waliokuja nyuma, na mshahara wangu umo ndani yake.

Ami yangu mmoja, nikimweleza haya, huniambia: "Mwanangu, kazi ya bure hudharauliwa. Umeacha nchi yako kutafuta riziki, si kufanyia watu hisani." Namheshimu ami, na neno lake lina ukweli wake. Mshauri hana haja ya kuona haya kutoza ujira. Mteja hanunui programu kwangu. Ananunua siku zangu, uzoefu wangu na dhamana yangu kuwa bomba liko pale niliposema liko. Lakini wazee hao hao ndio waliotufunza kuwa mla cha mwenziwe, na chake huliwa. Ikiwa nusu ya ninachokiuza kimejengwa na mikono ya watu nisiowajua, kukataa kutoa hata siku moja kwa mwezi hakuwi tena ujanja wa biashara. Ni deni lisilolipwa.

Na deni hili lina upande wa pili, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu. Ramani za kwetu nazo zinajengwa kwa kikoa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliingia vichochoroni na vipima mahali mikononi, wakaujaza mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia iliyoanzishwa London mwaka 2004. Kabla ya hapo, mtaa ule wenye watu tele ulikuwa karibu uwanja mtupu katika ramani hiyo. Mwaka 2015 Dar es Salaam ilianza kazi ya Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wenyeji kata kwa kata, wakachora mitaro, njia na nyumba za mabondeni, ili ijulikane mafuriko yakija nani atafikiwa kwanza. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Unguja na Pemba. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipaa kupiga picha za visiwa, kwa ushirika wa Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, COSTECH na Benki ya Dunia, na vijana wa Kizanzibari ndio waliofunzwa kuzirusha. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa watu wa programu huria za ramani ulifanyika Dar es Salaam. Kwa hiyo asitwambie mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao.

Lakini, jamaa zangu, picha ya angani huonyesha bati la paa. Haionyeshi jina. Haijui kwamba kisima kile kina jina la bibi aliyekichimbisha, wala kwamba njia ile watu huiita kwa mti uliokwisha kukatwa. Ng'ambo ya Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 ilivunjwa sehemu kubwa yakajengwa majumba ya Michenzani, na vichochoro vilivyokuwa chini yake vimebaki vichwani mwa watu waliovipita wakienda chuoni. Watu hao leo ni wazee, na wengi wao wako ughaibuni. Wako Maskati, Dubai, London, na wako hapa hapa kwetu Al Rayyan, wameketi sebuleni wakingoja magharibi. Tukiwazika bila ya kuwauliza, tumezika na ramani.

Na pengo halibaki pengo. Mtu wa mbali asiyeijua nchi atalijaza kwa kukisia, ataandika jina kwa tahajia ya lugha yake, na miaka ishirini baadaye wajukuu zetu watalisoma hivyo hivyo, wakatubishia sisi.

Hata hivyo nataka mipaka iwekwe, kwa sababu katika shauku watu hupitiliza. Kwanza, ramani ya wazi si hati ya ardhi. Asije mtu akadhani kuwa akichora mpaka wa shamba la marehemu babu amelipata. Mambo ya mirathi na mipaka yana wenyewe na yana mahakama yake. Pili, tusiandike majina ya watu walio hai, wala nani anaishi nyumba gani. Jina la mtaa ni la wote, lakini sitara ya nyumba ni ya wenye nyumba. Tatu, tusinakili kutoka ramani za kampuni zenye haki zao. Kikoa hakipikwi kwa nyama ya kuiba. Kinachotakiwa ni kile tunachokijua wenyewe kwa macho na masikio yetu.

Basi rai yangu ni hii. Kila nyumba iliyomo katika kitabu hiki, kabla ya chapa ya mwakani, ikae na mzee wake jioni moja na kumuuliza majina kumi tu ya mahali alipokulia: misikiti, visima, madiko, mitaa, miembe mashuhuri. Yaandikwe kama anavyoyatamka yeye, si kama yanavyopendeza. Mzee wa pili wa mji ule aulizwe pia, kwa uhakika. Vijana wenye ujuzi wayaingize, na mimi niko tayari kuwafunza, mabinti na wavulana, siku za Ijumaa baada ya sala. Na sisi tunaokula kwa kazi hii tutoe siku yetu moja ya mwezi, ikiwa kwa kutafsiri kwa Kiswahili, kwa kutoa khabari za kasoro, au kwa kumjibu mgeni aliyekwama kama tulivyojibiwa sisi. Lugha isiyokuwa na watu wa kuitafsiri katika kazi kama hizi huachwa nyuma, na hapana atakayekuja kutufanyia.

Anayeona nimekosea rai na ajibu katika kitabu cha mwakani. Kurasa ni zetu sote. Lakini wazee tuwaulize sasa.

Wassalaam.