Toboa Nguzo Kabla ya Kuitia Dawa



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine utaliona ni dogo sana, nalo ni lile tundu linalotobolewa katika nguzo ya boma ili kupitisha pao. Nikisema pao, nina maana ya ule mti unaolazwa kutoka nguzo moja hadi nyingine ili mifugo wasipite. Ukitembea katika mashamba ya Eldoret, kutoka Moiben mpaka Kesses na kutoka Soy mpaka Ainabkoi, utaona maboma mengi ya nguzo na mapao. Mengine yamesimama imara, na mengine yameinama kama mzee aliyepoteza fimbo yake. Ukimwuliza mwenye boma lililoinama atakuambia ya kuwa ni kazi ya mchwa na mvua. Mimi nasema sivyo. Mchwa na mvua walikuwako tangu zamani. Kosa ni letu sisi tunaonunua nguzo iliyokwisha kutiwa dawa, halafu tunaitoboa.

Nilijifunza jambo hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilijenga njia nyembamba ya kushikia ng'ombe, ile wengi wetu tunayoiita krashi. Nilinunua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, nikalipa bei yake yote, nikamwita fundi azitoboe hapa nyumbani. Zilipendeza kweli. Mvua za mwaka wa tano zilipokwisha, tuliwaingiza ng'ombe ili wachanjwe. Ng'ombe mmoja alishtuka akaegemea upande, na nguzo ikakatika pale pale kwenye tundu. Kijana wa jirani aliyekuwa akimshika ng'ombe huyo alibanwa, mkono wake ukavunjika. Siku ile haikuchanjwa hata nusu ya mifugo.

Jioni niliichukua ile nguzo nikaitazama. Nje ilikuwa ingali na rangi ya kijani ya dawa, ngumu kama siku niliyoinunua. Ndani ilikuwa imeoza. Mchwa nao walikuwa wamejenga njia yao ya udongo juu ya ngozi yenye dawa, wakapanda mpaka kwenye tundu la chini, wakaingia kama watu waliofunguliwa mlango. Mlango huo niliufungua mimi mwenyewe, na fundi nilimlipa kwa kazi hiyo.

Sasa sikiliza sababu yake. Nguzo inapotiwa dawa kiwandani huwekwa ndani ya pipa kubwa la chuma, na dawa husukumwa kwa nguvu iingie katika mti. Lakini dawa haifiki kila mahali. Huingia vizuri katika sehemu ya nje, ile nyeupe iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai. Moyo wa mkaratusi huikataa dawa. Kwa hiyo nguzo yako ni kama mtu aliyevaa koti la mvua: nje amekingwa, ndani ni mwili tu. Ukipitisha patasi katikati ya nguzo hiyo umelipasua koti. Na katika nchi hii yetu ya juu, kadiri ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ambako mvua hunyesha miezi mingi kuanzia Machi au Aprili, maji hutulia ndani ya tundu siku baada ya siku.

Huenda utasema, "Lakini wazee wetu walitoboa nguzo zao shambani, na nguzo hizo zikaishi kuliko wao." Ni kweli, na jibu ni kwamba wazee walitumia mtarakwa. Moyo wa mtarakwa una kinga yake wenyewe dhidi ya mchwa na uozo. Hata ukiutoboa mara kumi, unakuta kinga ile ile ndani. Lakini mtarakwa hukua polepole mno, na tuliukata kuliko tulivyoupanda. Leo Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata mti katika msitu wa Serikali bila kibali, na ni haki iwe hivyo. Basi tumehamia mkaratusi, ambao hukua upesi na kupatikana kila mahali. Tumebadili mti, lakini hatukubadili mpango wa kazi. Hapo ndipo tulipojikwaa.

Wako wanaosema, "Basi tuache matundu, tupigilie mapao kwa misumari." Kwa boma la kondoo wachache hilo si vibaya. Lakini ng'ombe mzima ana uzito mkubwa, naye husukuma kwa bega. Pao lililopigiliwa upande wa nje wa nguzo hung'olewa pamoja na misumari yake, na msumari uliochomoza ni hatari kwa ngozi ya mnyama. Ukitaka lazima kutumia misumari, weka pao upande wa mnyama, ili akisukuma aisukume nguzo, asiusukume msumari. Pao lililopita ndani ya tundu halina shida hiyo: likisukumwa kutoka upande wowote, nguzo yenyewe inalishika. Wako pia wanaosema seng'enge ni rahisi. Kwa mpaka mrefu wa shamba nakubali, na ua wa miti iliyo hai ni rahisi zaidi. Lakini krashi, zizi la ndama na mahali pa lango pataka mapao.

Dawa ya tatizo hili, basi, ni kugeuza mpango wa kazi. Nunua miti isiyotiwa dawa, iambue magome, iache ikauke kivulini miezi kadhaa. Mkaratusi mbichi husinyaa na kupasuka, na tundu ulilolipima leo halitakuwa lile lile baada ya kiangazi. Miti ikishakauka, toboa matundu yote, chonga na ncha za mapao, kata urefu unaotaka. Ukimaliza kabisa kukata, ndipo upeleke kiwandani itiwe dawa. Hapo dawa itazunguka mpaka ndani ya kuta za tundu, wala hutakuwa na sababu ya kuigusa tena kwa chombo chenye makali. Katika nchi nyingi nguzo za umeme hutobolewa kabla ya dawa kwa sababu hiyo hiyo.

Hivi ndivyo vipimo ninavyovitumia mimi katika krashi. Nguzo iwe na urefu wa mita 2.4 na unene usiopungua sentimita 18. Sentimita 75 ziingie ardhini. Upana wa tundu usizidi theluthi moja ya unene wa nguzo, yaani sentimita 6. Ukizidi hapo nguzo itakosa nguvu. Kimo cha tundu kiwe sentimita 12. Tundu la kwanza lianze sentimita 15 kutoka kichwani, maana likikaribia kichwa zaidi nguzo itapasuka. Kati ya tundu na tundu acha sentimita 25. Utapata matundu manne. Usipime kila nguzo upya. Chukua fito moja, itie alama zote, na uitumie fito hiyo kwa nguzo zote. Hapo mapao yatalala sawa.

Kutoboa kwenyewe si kazi ngumu. Kwa keekee toboa tundu la mviringo juu na jingine chini ya alama, kisha ondoa mti uliobaki katikati kwa patasi na nyundo ya mti. Anza upande mmoja mpaka katikati, geuza nguzo, umalizie upande wa pili. Ukipitisha patasi kutoka upande mmoja tu, utabandua vipande upande wa pili. Sakafu ya tundu iinamishe kidogo kuelekea nje ili maji yasitulie. Ncha za mapao mawili zitakaa katika tundu moja, moja juu ya nyingine, kwa hiyo kila ncha ichongwe iwe chini kidogo ya sentimita 6 kwa kimo na kwa upana. Wakati wa kusimamisha, usishindilie udongo mpaka mapao yote yawe yameingia mahali pake.

Siku hizi vijana wengi hutoboa kwa msumeno wa mashine, kwa kuuchomeka ncha moja kwa moja ndani ya mti. Naomba uwazuie. Sehemu ya juu ya ncha ya msumeno huo ikigusa mti, chombo chote huruka nyuma kuelekea uso wa mtu, nayo huruka upesi kuliko mtu awezavyo kukwepa. Hakuna boma lenye thamani ya uso wa mtoto wako. Acha saa moja iongezeke, tumia keekee.

Kama nguzo zako zimekwisha kutobolewa baada ya dawa, usikate tamaa. Nunua dawa ya kupaka mbao yenye shaba, upake ndani ya kila tundu mara mbili au tatu siku ya jua, na urudie baada ya muda. Haifikii ile ya kiwandani, lakini ni bora kuliko kuacha wazi. Oili chafu ya gari si dawa. Huchafua ardhi yako na kukupa moyo wa bure. Tena, dawa ya kijani ya nguzo mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu. Vipande vilivyokatwa katika nguzo hizo visipelekwe jikoni kuwa kuni, wala unga wake usitandikwe katika banda la kuku. Ukitoboa mti mkavu kabla ya dawa, mabaki yake ni kuni salama. Hiyo ni faida nyingine ya kufuata mpango ulio sawa.

Najua neno utakalonijibu: mkulima mmoja mwenye nguzo nane hasikilizwi kiwandani. Ni kweli kwamba kuwasha pipa kwa nguzo nane hakumlipi mwenye kiwanda. Basi tusiende mmoja mmoja. Wakulima kumi wa kijiji kimoja, au chama cha maziwa chenye krashi ya pamoja, wakikusanya nguzo zao zilizotobolewa, hiyo ni shehena ya lori. Nanyi mnaouza nguzo hapa Eldoret, nawaomba muwe na nguzo zilizotobolewa kabla ya dawa, kwa vipimo vinavyojulikana. Mimi niko tayari kulipa zaidi kwa nguzo hiyo, na wako wengi wanaofikiri kama mimi.

Kijana yule mkono wake umepona, ingawa hawezi kuunyosha kabisa. Kila akija kwangu huitazama krashi mpya na kuipiga nguzo kwa kiganja. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nguzo, ufa huo ni sisi tunaoutoboa. Basi kabla hujaagiza nguzo za kiangazi kijacho, pima kwanza, toboa, kisha utie dawa.