Refa wa Atlanta Anaonewa Tu!

Wadau, mpaka leo kuna watu wanamtukana yule refa wa besiboli wa Atlanta, Oktoba 2012. Wenyeji wako nyuma 6-3, mpigaji wao kaupaisha mpira, mlinzi kakimbia kuudaka, ghafla kauachia, ukadondoka. Refa akasema mpigaji nje! Chupa zikarushwa, mechi ikasimama dakika 19.

Mi nasema alikuwa sahihi. Wenyeji walikuwa na wakimbiaji kituo cha kwanza na cha pili, aliyekwishatolewa mmoja tu. Bila sheria hii, mlinzi anaangusha mpira makusudi, anatoa wawili kiulaini. Eti ulienda mbali mno? Sheria haipimi umbali, inauliza kama angeudaka bila kuhangaika. Ila mkono kaunyanyua mpira karibu unatua, hapo ndo aliponiudhi. Mnasemaje?