Tundika Namba ya Nyumba, Dereva Anakutafuta

Wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, naomba dakika zenu chache kwa niaba ya watu wanaowapeleka kazini, harusini, msibani na hospitalini. Nawasemea madereva wa teksi mtandao, na hasa sisi tunaoifanya kazi hii kwa muda wa ziada: karani akitoka ofisini, fundi akishafunga karakana, kijana wa chuo aliyeachiwa gari na mjomba wake. Mimi ni mwalimu. Asubuhi nafundisha jiografia sekondari, jioni nawasha programu kwenye simu na kuingia barabarani na bebi woka yangu, gari langu dogo. Madaftari ya wanafunzi nayaweka siti ya mbele, nayasahihisha nikiwa nasubiri abiria pale Mwenge au nje ya Mlimani City.

Ombi langu kubwa kwenu ni moja. Msaidieni dereva awafikie.

Najua mazungumzo ya teksi mtandao yamekuwa mengi, na karibu yote ni ya fedha. Uber iliingia jijini mwaka 2016, kampuni nyingine zikafuata, na baada ya muda madereva wakaanza kulalamika kwamba kamisheni, yaani sehemu ya nauli inayochukuliwa na kampuni, inawamaliza. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikaishusha hadi asilimia 15. Uber ikasitisha huduma mwezi Aprili mwaka huo, ikarejea Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Mjadala huo ni wa haki na haujaisha, na mimi nina upande wangu ndani yake. Lakini si jambo ambalo wewe abiria unaweza kulibadilisha ukiwa umesimama mlangoni kwako na begi mkononi. Bei ya mafuta nayo inatangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo sisi sote tunaipokea kama ilivyo.

Kipo kipande cha safari ambacho kiko mikononi mwako kabisa, nacho ni kile cha kabla hujapanda gari.

Chukua safari ya shilingi 6,000 kutoka Sinza kwenda Posta. Robo ya nauli, shilingi 1,500, inakwenda kwa kampuni. Kwenye zile 4,500 zinazobaki dereva anatoa petroli, ambayo mwaka 2023 ilivuka shilingi 3,200 kwa lita hapa jijini. Anatoa bando la intaneti, anatoa fedha ya kuosha gari, anaweka akiba ya matairi na sevisi. Kama gari si lake, anatoa hesabu ya bosi. Sasa sema ametoka kilomita 3 kukufuata, na kwa kuwa pini uliyoweka kwenye ramani haikuwa mahali ulipo, amezunguka nyingine 2 kwenye mitaa ya ndani. Kilomita hizo 5 hakuna anayezilipa, zinatoka kwenye tangi lake. Ukichoka kusubiri ukaifuta safari, amepoteza mafuta, amepoteza muda, na nauli yenyewe hakuipata.

Kila dereva anayajua mazungumzo haya kwa moyo:

"Dereva, uko wapi?"

"Nipo hapa kwenye pini yako, dada."

"Hapana, hapo siyo. Wewe njoo mpaka kwenye mnara wa simu, kata kushoto, pita lile bomba la maji, utaona duka la Mangi. Ukifika hapo uliza kwa Mama Rehema."

Maelekezo haya si mabaya. Ndivyo tulivyokua, na ndivyo babu zetu walivyofikiana. Yanafaa kwa mtu anayekuja kwa miguu, mchana, akiwa na muda wa kusalimia na kuuliza. Kwa dereva aliye na usukani mkono mmoja, kwenye njia ya upana wa gari moja, nyuma kuna bajaji inapiga honi, ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Na ikifika usiku hayafai kabisa.

Ijumaa moja ya masika, kama saa sita usiku, nilipata safari ya Goba. Aliyeita ni kijana, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza nilishajua kuna jambo. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu. Pini ilikuwa imeangukia kwenye korongo, upande wa pili wa nyumba yao. Ukitazama ramani tulikuwa tumekaribiana sana. Barabarani palikuwa na bonde ambalo gari halivuki, na njia ya kulizunguka ilikuwa imegeuka tope. Akanielekeza kwenye duka, lakini duka lilikuwa limefungwa, halina taa wala maandishi. Akaniambia nitafute geti jekundu. Usiku, kwa taa za gari, mageti yale yote niliyaona meusi. Kisha simu yake ikazima.

Aliyetuokoa ni binti wa nyumba ile, mtoto wa darasa la nne au la tano hivi, aliyekimbia na tochi hadi njia panda akaipunga mpaka nikamwona. Tukampandisha mgonjwa. Alikaa siti ya nyuma ameushika mkono wa mama mkwe wake, na kila shimo nililopita alisema, "Taratibu, baba." Tulifika hospitali ya Palestina, Sinza, wakampokea kwa machela. Asubuhi kijana akanitumia ujumbe kwamba wamepata mtoto wa kiume na mama yake mzima.

Baadaye nilipita Goba mchana kwa safari nyingine, nikaiona ile nyumba. Namba ilikuwepo. Kibao kidogo, safi, kimepigiliwa ukutani kwenye baraza, ndani ya uzio. Mtu aliye barabarani asingeweza kukisoma hata jua likiwa la utosi.

Tangu siku hiyo natazama vibao vya namba za nyumba. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima ilipita katika Operesheni ya Anwani za Makazi. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na simu, mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikapewa namba. Kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Serikali ina programu ya simu iitwayo NaPA yenye ramani ya anwani hizo. Kazi kubwa ilishafanyika, na fedha ya umma ilishatumika. Kinachotushinda ni kidogo sana mbele ya kile kilichokwisha kufanyika: kibao kimefunikwa na rangi mpya ya ukuta, mti umeota mbele yake, kimewekwa kabatini kisiibiwe, au hakijawahi kutundikwa kwa sababu mwenye nyumba anakaa mkoa mwingine na wapangaji wanaona si kazi yao.

Wapangaji wenzangu, ni kazi yetu. Anayelala ndani ya nyumba ndiye anayeugua usiku, si hati ya kiwanja. Mpigie mwenye nyumba umwombe ruhusa, kisha kitundike kibao kwenye nguzo ya geti au ukuta wa nje, juu kidogo ya kichwa cha mtu, upande unaotazama barabara. Wenye maduka nanyi nawaomba: mnapoandika jina la duka na "Lipa kwa Simu" ukutani, ongezeni jina la mtaa na namba ya jengo. Maduka ndiyo ramani halisi ya uswahilini. Mangi akiandika mtaa wake kwa herufi kubwa, amewasaidia majirani zake wote kwa gharama ya kopo moja la rangi.

Na faida yake haiishii kwa dereva wa teksi. Ukipiga 114 kuwaita zimamoto, swali la kwanza ni mahali ulipo. Upo pia mfumo wa m-mama, ambao serikali ilianza kuusambaza nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito au mama mwenye kichanga akipata dharura, ndugu zake wanapiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana anaitwa dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, naye analipwa kwa simu. Maana yake anayekuja kumwokoa dada yako anaweza kuwa mtu kama mimi, mwenye gari dogo na taa mbili, anayetegemea kile anachoweza kukisoma ukutani.

Ukishakuwa na namba, yaliyobaki ni mepesi. Weka pini mahali ulipo kweli, usiiache programu ikubahatishie, maana ukiwa ndani ya nyumba ya bati au kwenye ghorofa mara nyingi inakosea. Tuma ujumbe mfupi: mtaa, namba, rangi ya nguo uliyovaa. Uwe tayari kabla hujaita. Kama uko Kariakoo, tembea kidogo hadi mahali gari linapoweza kusimama, maana dereva akisimama dakika mbili kwenye mitaa ile gari lake linaweza kufungwa mnyororo, na faini yake inameza kazi ya jioni nzima. Mvua ikinyesha na barabara ya Jangwani ikafungwa, mvumilie anapozunguka. Na usiku usimpe noti ya 10,000 kwa safari ya 4,000 bila kumwambia mapema, kwa sababu saa hizo hakuna pa kuivunja.

Madereva wenzangu, msidhani nimewasahau. Tabia ya kupiga simu kuuliza "unaenda wapi, ni keshi au kadi?" na kuifuta safari jibu lisipotupendeza imewachosha watu, na wana haki ya kuchoka. Mama aliyesimama nje saa nne usiku akafutiwa safari na madereva watatu mfululizo hawezi kusikia ombi lolote kutoka kwetu. Najua kwa nini wengine wanafanya hivyo. Fedha ya kadi inachelewa na mafuta yanatakiwa leo. Hata hivyo, safari ukishaikubali, nenda. Na kuna jambo jingine dogo ambalo tunaweza kulifanya sisi tu: ukimshusha abiria nyumbani kwake, tazama kibao. Ukikiona, mwambie, "Mama, nyumba yako ni namba 27 Mtaa wa fulani, ukiita tena andika hivyo." Usipokiona, mwambie pia. Nimewakuta watu wazima, wamekaa kwenye nyumba moja miaka mingi, wanafurahi kama wamepewa zawadi wanapoijua namba yao.

Abiria, niwaombe pia subira na usingizi wetu. Dereva wa muda wa ziada anakufikia akiwa ameshafanya kazi nyingine tangu alfajiri. Ukimwona anapiga miayo, mwambie asimame anawe uso, hutapoteza zaidi ya dakika tano. Usimharakishe kwenye Barabara ya Bagamoyo kwa sababu umechelewa wewe. Funga mkanda hata ukiwa siti ya nyuma. Ukimwona ni mwema, mwambie, na umpe nyota zake kabla hujaingia ndani ukasahau, kwa kuwa dereva mwenye nyota chache anaweza kufungiwa programu, na hakuna wa kumtetea.

Wenyeviti na watendaji wa mitaa, kwenu ombi ni la nguzo. Zile za majina ya mitaa zilizogongwa na malori au kung'olewa zikauzwa vyuma chakavu, zirudisheni. Mtaa unaokusanya fedha za ulinzi shirikishi unaweza kuweka ajenda ya nguzo mbili kwenye mkutano mmoja wa wakazi. Pale chuma kinapoibiwa, paka jina kwenye ukuta wa kona, kwa idhini ya mwenye nyumba. Ukuta hauuzwi kwa kilo. Halmashauri nazo zitutengee sehemu ndogo za kupakia na kushusha karibu na masoko na hospitali, hata za magari matatu tu, zenye kibao kinachosema dakika ngapi zinaruhusiwa.

Kama hujui namba ya nyumba yako, ofisi ya serikali ya mtaa ndipo pa kuanzia. Mtendaji ana orodha. Kibao kikichelewa, iandike kwa rangi kwenye nguzo ya geti, tarakimu kubwa za kusomeka kutoka barabarani kwa taa za gari. Kisha ihifadhi kwenye simu pamoja na jina la mtaa na kata, uitume kwenye kundi la familia, wafundishe watoto, na umwombe dada wa kazi aikariri, maana mchana ni yeye anayebaki na watoto, na siku homa ikipanda ndiye atakayeshika simu.